Kijana wetu amesilimu na pasta anatusomea Kumbukumbu 13

SWALI: Mwalimu hujambo. Mimi ni mama wa watoto wanne, tunaishi Umoja na nyumbani ni Vihiga. Kijana wangu wa kwanza ana miaka 24, anauza kwa duka la nguo huko Eastleigh, na mwezi uliopita alitukalisha chini akatuambia amesilimu. Nililia usiku kucha. Babake akapeleka maneno kwa pasta, pasta akaja kwa nyumba akafungua Kumbukumbu la Torati 13 akatusomea ile ya mwana wako akikushawishi mkaabudu miungu mingine usimhurumie, akasema huyu kijana lazima atoke na mkeka wake wa kuswalia uchomwe, la sivyo laana itabaki kwa hao wadogo. Kijana naye anasema Katiba inampa haki. Mzee wangu anasema Katiba iliandikwa na watu na Biblia ni ya Mungu kwa hivyo hakuna mashindano hapo, tena anaogopa ati siku moja ploti yetu ya Joska itapelekwa kwa Kadhi. Mamangu alinilea kwa kanisa la Friends na sikuwahi kumwona akifukuza mtu. Nisimame na nani?
Mama wa Umoja

JIBU: Mama, pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kabla ya sheria yoyote nataka uone kitu kimoja, huyo kijana aliwakalisha chini akawaambia kwa mdomo wake. Wengi hapa Nairobi wanabadilisha dini na mzazi anakuja kusikia kwa majirani. Wako aliwaheshimu.

Sasa hiyo Kumbukumbu 13. Chukua Biblia uisome mwenyewe, usikomee pale pasta alikomea. Haisemi mfukuze, wala haisemi choma mkeka. Inasema apigwe mawe mpaka afe, na mkono wako wewe mzazi ndio uwe wa kwanza. Kwa hivyo kama pasta anasema hiyo ni sheria ya kutekelezwa Umoja leo, basi yeye mwenyewe tayari ameivunja, maana ameipunguza, na aya ya mwisho kabla ya hiyo sura, 12:32, inasema neno la Mungu usiliongeze wala usilipunguze. Mbona amepunguza? Naamini ni kwa sababu moyoni anajua hiyo sheria ilipewa Israeli, taifa lililoingia agano na Mungu likiwa na wazee wake na waamuzi wake, na hata huko mtu hakuuawa kwa neno la shahidi mmoja, angalia 17:6. Halafu aya yenyewe inasema "akikushawishi". Kijana wako hajakuambia twende, amekuambia mimi nimeenda.

Sitakudanganya kwamba hiyo sura ni nyepesi. Nimefundisha somo la dini miaka mingi na kila nikifika hapo mwanafunzi mmoja anainua mkono na mimi nashika meza. Kitu kinachonisaidia ni Luka 9, pale kijiji cha Wasamaria kilimkataa Yesu, Yakobo na Yohana wakataka moto ushuke kutoka mbinguni uwateketeze, na Bwana akageuka akawakanya wao, si wale Wasamaria. Wakaenda zao kijiji kingine tu.

Na kuna watu walijaribu kuifanya hiyo sura sheria ya serikali. Mwaka 1641 koloni la Massachusetts huko Marekani, wengi wao watu waliokimbia Uingereza kwa kubanwa juu ya imani yao, waliandika kwenye sheria zao kwamba atakayeabudu mungu mwingine auawe, na hapo hapo wakataja Kumbukumbu 13. Unajua walioishia kunyongwa Boston kati ya 1659 na 1661 ni kina nani? Friends wanne. Wakristo. Mmoja alikuwa mama, Mary Dyer. Haikuwa hata kwa hicho kifungu, ilikuwa sheria nyingine ya kuwafukuza Friends ambayo ilisema wakirudi wafe, nao wakarudi. Lakini roho ni ile ile, ukishaipa serikali kazi ya kupima imani za watu haitabaki kwa wale uliowafikiria, itahamia kwa jirani, halafu itahamia kwako. Na hao Friends ndio kanisa lile lile lililofika Kaimosi, huko Vihiga, 1902 likamlea mamako.

Ndiyo maana mzee akisema hakuna mashindano mimi nakubaliana na yeye, ila kwa sababu nyingine. Katiba haikuja kushindana na Biblia. Haijasema Uislamu ni kweli wala Ukristo ni uongo, na utangulizi wake unakiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, muulize kama amewahi kuusoma. Kile inasema ni kwamba hakuna dini ya taifa, hiyo ni Ibara ya 8, na Ibara ya 32 inasema kila mtu ana uhuru wa dhamiri na dini na asilazimishwe kufanya kitu kilicho kinyume na imani yake. Ibara ya 20 nayo inasema hizi haki zinafunga watu wote, si serikali peke yake, kwa hivyo hata pasta na hata baba mzazi zinawafunga. Na hiyo 32 ndiyo inamlinda pasta akiweka kanisa la mabati mahali kila jirani ana dini yake. Akiikata kwa kijana amejikatia mwenyewe. Uhuru una mpaka, tuliuona Shakahola 2023, pale mhubiri alidaiwa kuwaambia wafuasi wafunge mpaka kufa, wakati miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, lakini kijana anayeswali chumbani kwake hajamdhuru mtu.

Kuhusu ploti ya Joska naomba mzee alale usingizi. Mimi mwenyewe 2010, kwenye kura ya maoni ya hii Katiba, nilikuwa upande wa nyekundu, nilipiga kura ya La kwa sababu ya hayo mambo ya Kadhi, na woga wangu ulikuwa kama wake. Baadaye nikasoma Ibara ya 170 vizuri. Kadhi anashughulikia ndoa, talaka na urithi pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Nyinyi ni Wakristo, ploti ni yenu, Kadhi hana mlango wa kuingilia hapo.

Nyumba ni ya mzee, na akiona kijana wa miaka 24 akapange chumba chake, Katiba haimzuii. Lakini asimtoe kama mlaaniwa usiku na vitu vyake nje, na huo mkeka asiuguse, kuchoma mali ya mtu ni kosa la jinai hata kama ni mwanao. Kijana naye aambiwe hao wadogo bado wako mikononi mwenu, mnawalea kwa imani yenu, asiwafundishe kichinichini. Muulize kama anataka sufuria yake ya chakula halali. Na Ramadhani ikifika, ukisikia ameamka kula daku, amka umpashie chakula. Hujasilimu kwa kumpashia mtoto chakula.

SWALI: Mwalimu, nina saluni Githurai na msusi wangu bora zaidi ni Msabato, hafanyi Jumamosi na hiyo ndiyo siku ya pesa. Nimeokoka pia na Biblia inasema watumwa watii mabwana zao. Naweza kumfuta?
Dada wa saluni

JIBU: Dada, yeye si mtumwa, tuanzie hapo. Ibara ya 32 inataja kabisa kuadhimisha siku ya ibada na inakataza mtu kunyimwa kazi kwa sababu ya imani, na Sheria ya Ajira ya 2007 inasema dini si sababu ya kumfuta mtu. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilikubaliana na kanisa la Wasabato kwamba shule ziwape wanafunzi wao nafasi ya kuishika Jumamosi. Na ukitaka Biblia soma Warumi 14:5, mmoja anaheshimu siku hii mwingine anaona zote sawasawa, kila mtu athibitike katika akili zake mwenyewe. Wewe Jumapili unafunga uende kanisa, sivyo? Mpe yeye ufunguo. Kuanzia saa saba wanawake wa Githurai wanatoka ibada wakitafuta mahali pa kusukwa na saluni nyingi zimefungwa.