Meli Ikifunga Gati Laem Chabang: Siku Moja ya Mahekalu na Mifereji ya Bangkok

Ratiba ya safari itakuandikia "Bangkok", lakini meli kubwa za watalii hazifiki Bangkok. Zinafunga gati Laem Chabang, bandari ya makontena mkoani Chonburi, na kutoka hapo hadi mjini ni zaidi ya kilomita 120 za barabara. Njia ikiwa wazi ni saa mbili, foleni ikishika hata tatu. Sasa piga hesabu. Mkiteremka saa mbili asubuhi, mnaingia mjini saa nne na ushei, na ikifika saa tisa alasiri basi linatakiwa liwe limeshageuza. Mkononi mna saa tano hivi, na humo humo mle, mswali, mtafute choo.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza utawaudhi wengi: Kasri Kuu la wafalme liacheni. Najua ndani ya kuta zake ndimo alimo Buddha wa Zumaridi, sanamu inayoheshimiwa kuliko zote Thailand, yenye urefu wa sentimita 66 tu, ambayo mfalme huibadilisha mavazi mara tatu kwa mwaka kufuata majira. Lakini tiketi ni baht 500, pesa ya Thailand, umati ni wa kusukumana, jua linachoma, na humo hekaluni picha hupigi. Ukitoka hapo siku imekwisha na mfereji hujauona. Anayelala Bangkok siku tatu nne, na aende. Wa meli apite.

Anzeni hekalu la Wat Pho, mwendo wa dakika chache tu kusini ya Kasri. Hapo iko sanamu ya Buddha aliyelala, mita 46 kutoka utosini hadi nyayoni, na jengo limembana hivi kwamba humwoni wote kwa mara moja. Unamtazama kipande kipande kati ya nguzo, mpaka ufike kwenye nyayo zenyewe, zilizopambwa kwa maganda ya chaza yanayometameta, alama 108 za heri. Nyuma yake, kando ya ukuta, kuna safu ya vyungu 108 vya shaba ambamo watu hutia sarafu moja moja, na mlio wake haukatiki, ting, ting, ting, chumba kizima. Sisi hatukutia. Ile ni ibada ya wenyewe, na kutazama kwa adabu kunatosha.

Adabu yenyewe si ngumu kwa mtu wa kwetu. Mabega na magoti yafunikwe, viatu vivuliwe mlangoni, na ukikaa chini usielekeze nyayo kwa sanamu. Mwanamke asimguse mtawa wala asimkabidhi kitu mkononi. Wanawake wa pwani tumeshapona: leso moja mkobani, kazi imekwisha, wakati wenzenu waliovaa kaptura wanahangaika kutafuta nguo ya kujisitiri.

Mtu akikufuata njiani akakwambia hekalu leo limefungwa, kuna sala maalumu, na kwamba tuktuk ile pale itakuzungusha kwa baht 20, mshukuru na uendelee na safari yako. Tuktuk hiyo mwisho wake ni duka la vito.

Kutoka Wat Pho mnatembea hadi gati la Tha Tien na kuvuka mto Chao Phraya kwa kivuko cha baht chache. Ng'ambo ni hekalu la Wat Arun. Mnara wake kwa mbali unaonekana kama jiwe lililochongwa, ukikaribia unaona ni vipande vya vyombo vya kaure kutoka China, maelfu kwa maelfu, vilivyopangwa kuwa maua. Mama yangu aliinamia ukuta, akakigusa kimoja, akauliza: "Mwanangu, haya si yale ya kaburi la Mambrui?" Na ni kweli, nguzo ile ya kaburi kule Mambrui, pwani ya Kenya, nayo imepachikwa bakuli za China. Ngazi za mnara ni za kusimama wima. Mwenye magoti mabovu abaki chini, hajakosa kitu, uzuri wote uko usawa wa macho.

Halafu boti. Hii ndiyo sehemu ya kuipa muda, saa moja na nusu ikiwezekana. Boti za mkia mrefu ni nyembamba, zina injini ya gari iliyowekwa wazi nyuma, na kutoka kwenye injini unatoka mtaimbo mrefu wenye rafadha nchani. Nahodha anaunyanyua na kuushusha kwa mikono. Kaeni mbele, kelele ni kubwa. Mzee apande wa mwisho, akishikwa mikono miwili, kwa sababu boti hucheza kila boti nyingine ipitapo. Kabla ya kukanyaga, bei ijulikane: ni ya boti nzima au ya kichwa? Kwa muda gani? Mfereji gani?

Ombeni Bangkok Yai. Wengi hawajui kwamba mfereji huo ndio mto wenyewe wa zamani. Chao Phraya ulikuwa ukijikunja hapo. Katika karne ya 16 ukachimbwa mkato, maji yakaupenda mkato, na mkunjo ukabaki kuwa mifereji ya Bangkok Yai na Bangkok Noi. Mlangoni mtasubiri lango la maji lifunguliwe, kisha makelele ya mto yanapungua. Nyumba za mbao juu ya nguzo, nguo zimeanikwa barazani, kenge wanaota jua kwenye kingo. Mbele zaidi anachomoza Buddha wa Wat Paknam, mita 69, juu ya mapaa. Na karibu na mdomo wa mfereji iko misikiti: Ton Son, wa kale kuliko yote Bangkok, na Bang Luang, ambao umejengwa kwa mtindo wa hekalu la Kithai hata ukiutazama haraka unadhani ni hekalu. Mtaa huo hamtahangaika na chakula cha halali.

Kuhusu usafiri, matembezi yanayoandaliwa na meli ni ghali, ila basi lao likichelewa meli inawasubiri. Mkikodi gari wenyewe, hamsubiriwi. Mkichagua ya meli, someni karatasi: mahekalu yakizidi matatu, ulizeni dakika ngapi majini, na jibu likiwa nusu saa chagueni nyingine.

Wenye pasi za Kenya, Tanzania na jirani zetu, muulize habari ya viza kabla ya kulipia chochote, msitegemee jibu alilopewa Mwingereza wa chumba cha pili melini. Cheti cha homa ya manjano nacho kiwe ndani ya pasi, Thailand wanakidai kwa wanaotoka kwetu.