Namfokea mume akichelewa, je, nimeokoka kweli?

Pole dada. Unauliza kama kumfokea mumeo kila anapochelewa kurudi bila kupiga simu ni dalili kwamba hujaokoka. Hapana. Marko 3:5 inasema Yesu mwenyewe aliwatazama watu kwa hasira ndani ya sinagogi, huku akihuzunika kwa ugumu wa mioyo yao. Kisha akamponya mwenye mkono uliopooza.

Waefeso 4:26 nayo haikatazi kukasirika. Inakataza kutenda dhambi kwa hasira na kulala na kinyongo. (Ila usimwamshe saa nane usiku eti mmalize maneno!)

Ningeanza na swali ambalo Mungu alimuuliza Kaini kabla hajamuua Habili: kwa nini umekasirika? Jijibu kwa ukweli. Nahisi chini ya hasira yako kuna hofu. Basi mwambie hofu hiyo, asubuhi mkinywa chai, bila kufukua ya mwaka juzi: "Usiponipigia, nakaa nikisikiliza kila pikipiki inayopita."

Lakini kama naye anakupiga, hilo si suala la hasira yako tena. Mwone mchungaji unayemwamini, na dawati la jinsia polisi pia.