Tarehe 13 wabaki nyumbani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha sayansi hapa Mbamba Bay. Tumesikia kuna kimondo kipya kinaitwa ATLAS, na kwamba mwezi huu wa Januari 2025 sisi wa kusini tutakiona vizuri kuliko watu wa Ulaya. Nina wanafunzi kumi na mmoja wanaopenda nyota na darubini moja ya mkononi, na tayari wanahesabu siku. Niwapeleke ufukweni tarehe 13, kitakapolikaribia Jua? Na mkia utaonekana kweli?
Msomaji, Mbamba Bay

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Kimondo ni jiwe linalowaka likiingia kwenye hewa yetu. Likisalimika hadi ardhini tunapata kama lile lililoko Mbozi. Mgeni wenu ni nyotamkia, bonge la barafu na vumbi linalotoa moshi wake likipata joto la Jua. Iligunduliwa Aprili 5, 2024 na darubini iliyoko Chile, ikiwa bado zaidi ya kilomita milioni 600 kutoka kwetu.

Tarehe 13 wabaki nyumbani, nakuomba sana. Siku hiyo itapita kilomita milioni 14 hivi kutoka kwenye Jua, wakati hata Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua, haisogei karibu zaidi ya milioni 46. Maana yake itakuwa ubavuni mwa Jua, mchana kweupe. Darubini ikiteleza kidogo tu ikalipata Jua, jicho la mtoto limekwenda, na wala hatasikia maumivu ya kumwonya. Siku hizo tumieni simu. Chombo cha anga kiitwacho SOHO kinalipiga picha eneo linalolizunguka Jua kila siku, zinawekwa kwenye intaneti bure, na nyotamkia itapita humo kati ya tarehe 11 na 15.

Anzeni ufukweni tarehe 17. Hapo kwenu mmebarikiwa, maana magharibi yenu ni maji ya Ziwa Nyasa na milima ya Malawi iko mbali. Jua likishazama kabisa, saa 1 na dakika 10 hivi, subirini dakika ishirini, kisha tazameni chini kabisa, kushoto kwa pale lilipozamia. Ile kama nyota kubwa inayong'aa juu ni sayari ya Zuhura. Watoto wataikimbilia hiyo kwanza. Mwezi hautawasumbua, utakuwa unachomoza usiku baadaye. Adui wenu ni mawingu ya mvua.

Kuhusu mkia, mkia wa nyotamkia hausukumwi na mwendo wake, unasukumwa na Jua. Kwa hiyo jioni, Jua likiwa chini ya upeo, mkia husimama kuelekea juu, na kichwa kinaweza kuzama mkia ukabaki. Nililiona hilo kwa macho yangu Januari 2007, nilipokuwa nafundisha Liuli, kwenye ziwa hilohilo. Ilikuwa nyotamkia McNaught, iliyogunduliwa Australia. Jioni tano mfululizo tulitazama mawingu. Ya sita pakapasuka upenyo mdogo juu ya ziwa, na mkia ulikuwa umesimama pale kama moshi wa jiko siku isiyo na upepo. Wavuvi waliokuwa wanasukuma mitumbwi waliacha kusukuma.

Lakini usiwaahidi watoto hilo. Mwaka 1973 nyotamkia Kohoutek ilitangazwa dunia nzima, ikaja hafifu. Nyingine, ISON, ilivunjika ilipolipita Jua Novemba 28, 2013. Na kinyume chake, mwaka 2011 Terry Lovejoy wa Australia, mpenda nyota tu kama sisi, aligundua nyotamkia kwa darubini yake ya sentimita 20. Ikapita kilomita 140,000 hivi juu ya uso wa Jua, ikatoka upande wa pili na kupamba alfajiri za Krismasi za kusini. Hii yenu nayo inaweza kung'aa kama Zuhura au kusambaratika. Mimi ningewaambia hivyo hivyo kabla ya kutoka, ili hata wakikuta ukungu mtupu wajue walikuja kutazama nini.

Kila mtoto awe na daftari. Wachore upeo, Zuhura na mkia, waandike saa, na wapime urefu kwa ngumi ya mkono ulionyooshwa: ngumi moja ni nyuzi 10. Michoro yote kumi na moja nitumieni, hata ile ya mawingu.