Simba wa Dhahabu 2007: ni Sidibé, si Keïta

Wapo wanaodhani Seydou Keïta ndiye aliyepata Simba wa Dhahabu, tuzo ya maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, mwaka 2007. Hapana, aliyetunukiwa ni Malick Sidibé, mpiga picha wa kwanza kuipata tuzo hiyo, na aliistahili kabisa. Keïta, naye mpiga picha, alishafariki tangu 2001. Wote walikuwa na studio Bamako, Mali, ndiyo maana huchanganywa. Keïta alifungua yake 1948. Picha zake nyingi alizipiga uani kwa mwanga wa jua, nyuma katundika kitambaa cha maua. Sidibé ndiye wa picha za vijana wakicheza dansi usiku, miaka ya 60. Picha "Nuit de Noël" (Usiku wa Krismasi) ya 1963 ni yake. Ila pazia la nyuma lisikuhadae ukadhani kila picha ya studio ni ya Keïta, maana Sidibé naye kapiga nyingi sana studioni, hasa mbele ya lile la mistari.