Mboga Ifike Kabla Sufuria Haijainjikwa

Binti yangu alipokuwa na ujauzito wa miezi 5, muuguzi wa kliniki alimpima damu akakuta ni pungufu, akampa vidonge vya madini ya chuma na kumsisitiza ale mboga za majani kila siku. Tulitoka pale tukiwa na matumaini, kwa kuwa tunaishi Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, na kila alfajiri tunawaona akina mama wakiteremka kutoka Bigwa na Towero na matenga ya mboga kichwani. Hatukufikiri hata kidogo kwamba mboga ndicho kitu ambacho kingetushinda kupata. Binti alikuwa anatoka kazini saa 12 jioni na kufika mtaani giza likiingia, na kwenye genge la pale kona alikuta nyanya chache, vitunguu, na fungu moja la mchicha uliosinyaa tangu asubuhi. Hatua 20 mbele yake, jiko la chipsi lilikuwa ndiyo kwanza limekolea moto.

Nimeandika makala hii kwa ajili ya mtu yeyote anayetaka mtaa wake ule vizuri kutokana na kile kinacholimwa jirani, na ushauri wangu mkubwa ni huu: kabla ya kufikiria bustani, mbegu au semina ya lishe, chunguza ni saa ngapi watu wa mtaa wako wananunua mboga ya usiku, na wakati huo genge lina nini. Sisi hatukuanza hivyo, na kosa hilo lilitugharimu misimu 2 ya vuli.

Tulianza na bustani, kama wengi wanavyoanza. Tulikuwa kaya 14, tukaazimwa kipande cha ardhi nyuma ya majengo ya taasisi moja, tukapanda mchicha, matembele na nyanya chungu, na kwa wiki 6 za mwanzo kila mtu alikuwa na hamasa. Mchicha hauchelewi, wiki 3 au 4 tangu kusia mbegu unaweza kuanza kuvuna, na ndiyo maana unawadanganya watu wadhani kazi ni nyepesi. Mvua za vuli zilipokatika, kisima kilishuka maji, zamu za kumwagilia zikageuka kuwa ugomvi, na mwaka wa pili mwenye ardhi akaihitaji kwa ujenzi kabla hatujavuna nyanya chungu. Simlaumu sana, kwa sababu hatukuwa na karatasi yoyote ya makubaliano. Kilichoniuma zaidi ni kwamba tulikuwa tunahangaika kulima vitu ambavyo akina mama wa mlimani, wanaojua kulima kuliko sisi sote, walikuwa wanavilima kwa wingi umbali wa saa moja kwa miguu.

Mboga kulimwa karibu haina maana kwamba imefika mezani. Utafiti wa kitaifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi nzima. Iringa peke yake ilizidi nusu ya watoto. Sababu za udumavu ni nyingi, zikiwemo maradhi na malezi, lakini takwimu hiyo ilinifanya niache kuuliza tutalima nini na nianze kuuliza chakula kilichokwisha kulimwa kinapita wapi.

Kwa hiyo, jioni 3 mfululizo, mimi na jirani yangu tulikaa kwenye benchi karibu na genge kuanzia saa 11 hadi saa 2 usiku tukiwa na daftari. Tuliandika nani kanunua nini na nani kauliza mboga ya majani akaikosa. Wateja wengi walifika baada ya saa 12 na nusu, wakati muuza genge alikuwa anafunga, na karibu kila aliyeikosa mboga aliondoka na kitu cha kukaanga. Tulichukua pia fungu la mchicha tukaenda kulipima kwenye mizani ya bucha, tukakuta halifiki robo kilo, na hapo bado mizizi na mashina magumu hayajaondolewa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Fungu lile lilikuwa linanunuliwa na familia za watu 5.

Ukifanya zoezi hilo mtaani kwako, huenda ukakuta tatizo lingine kabisa, lakini utakuwa umelikuta kwa macho yako. Semina nyingi za lishe huwaambia akina mama kwamba mboga za majani ni muhimu, jambo ambalo wanalijua tangu utoto wao. Mwanamke anayefika nyumbani saa 1 usiku na watoto wenye njaa anahitaji mboga ambayo ipo, haijanyauka, na imekwisha kuchambuliwa.

Hilo la kuchambua nalitilia mkazo. Matembele ya watu 5, uyatenge majani na vikonyo, umenye vile vijiti, uoshe mchanga, kisha ukatekate, ni kazi ya karibu nusu saa. Kisamvu ndiyo zaidi, kwa kuwa majani ya muhogo yana sumu ya asili na lazima yatwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu ndipo yaliwe. Mwenye kuuza akiifanya kazi hiyo akiwa ameketi akisubiri wateja, anauza muda pamoja na mboga, na watu hulipa nyongeza bila kunung'unika. Tulimwomba tu aoshe kabla ya kukata, kwa sababu mboga ikioshwa baada ya kukatwa hupoteza sehemu ya vitamini kwenye maji, na aikate pale mteja anapofika.

Nilipowafuata akina mama wa mlimani kuwaomba watuletee mboga jioni, bibi mmoja wa Towero alinitazama kwa huruma akasema, "Mwanangu, nikiteremka jioni, usiku nitapanda mlima na nani?" Nilikuwa nimepanga mpango mzima bila kuifikiria safari yake ya kurudi. Alinieleza kwamba huamka saa 9 usiku, huteremka gizani, hukutana na mchuuzi barabarani, na kwa kuwa hawezi kurudi na mzigo, hukubali bei yoyote atakayotajiwa. Ufumbuzi ulitoka kwake yeye mwenyewe. Mjukuu wake ana bodaboda na hushuka mjini kila alasiri kufanya kazi ya usiku, akiwa hana abiria. Sasa akina mama 3 huvuna saa 9 alasiri jua likipungua makali, hukusanya viroba vyao mahali barabara inapoishia, na kijana huvifikisha mtaani saa 11 kwa nauli ndogo wanayochangia. Bibi hashuki tena mara 3 kwa wiki. Hushuka mara 1, kwa ajili ya ndizi zake.

Mboga ikivunwa na mizizi yake, ikafungwa kwa kamba ya mgomba, ikawekwa kwenye beseni lenye maji kidogo na kufunikwa kwa gunia la katani lililoloweshwa, hufika saa 2 usiku ikiwa imesimama wima. Ikitiwa kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa hutokota kwa joto lake yenyewe na kuanza kunuka. Tuliyajua hayo baada ya kupoteza viroba 2 vya mnavu. Muuza genge ni yule yule wa zamani, kwani hatukuona sababu ya kumletea mshindani. Tulimnunulia taa ya sola, tukamwomba afungue saa 10 na kufunga saa 3 usiku, na tukakubaliana fungu liwe nusu kilo.

Kuhusu fedha, jambo la kwanza ni kwamba mkulima alipwe siku ile ile. Mtaani kwetu watu hukopa mboga hadi mwisho wa mwezi, na hakuna ubaya kukopeshana kati ya majirani, lakini deni hilo lisimfikie mama wa mlimani, ambaye jioni hiyo hiyo anahitaji chumvi na mafuta ya taa. Kaya zetu 14 zilichanga mtaji mdogo unaokaa kwenye kibubu cha muuza genge. Mkulima hulipwa kutoka humo, na madeni ya daftarini yakilipwa hurudi humo humo. Wapo wazee 2 wanaochukua bila kulipa, na majina yao hayaandikwi.

Watu wameniuliza kuhusu mikopo ya halmashauri, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Ni fursa nzuri na haina riba. Hata hivyo, nakushauri usiombe kabla hujauza kwa miezi 3 kwa fedha zenu wenyewe. Kikundi kinachopata mkopo kabla ya kuwajua wateja wake hununua vifaa, kisha wanachama huanza kukwepana. Onana mapema na mwenyekiti wa serikali ya mtaa ili meza yenu ya jioni isiondolewe, na pia na afisa ugani wa kata, ambaye kwetu amekuwa msaada wa kweli. Yeye ndiye aliyetuletea mbegu za viazi lishe, vile vyenye rangi ya chungwa ndani ambavyo vina vitamini A kwa wingi, na majani yake nayo ni matembele.

Usiogope kumuuliza mkulima maswali 2: anamwagilia kwa maji ya wapi, na alipiga dawa lini. Mboga zinazolimwa kando ya mifereji ya maji machafu mijini hupendeza kwa macho kuliko nyingine zote, na dawa za wadudu zina siku za kusubiri kati ya kunyunyiza na kuvuna, ambazo zimeandikwa kwenye kopo. Tulikubaliana kwamba atakayepiga dawa hataleta mboga ya shamba hilo mpaka siku hizo ziishe, na wenzake 2 watajazia pengo lake. Makubaliano haya yanawezekana kwa sababu wapo 3, na yule anayepumzika hapotezi nafasi yake. Pale genge pana ndimu pia, kwa maana ndimu ikikamuliwa kwenye mchicha huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma, ilhali chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Binti yangu aliacha chai ya usiku kwa miezi ile iliyobaki, na vidonge vyake hakuviacha.

Tulichokuwa hatujakiweza ni masika. Kuanzia Machi hadi Mei njia ya mlimani huwa utelezi mtupu, mchicha huoza kwa matone na tope, na bodaboda haifiki juu. Mwaka wa kwanza meza ilikaa tupu wiki 5, na jiko la chipsi likarudishiwa wateja wake. Shemeji yangu aliyezaliwa Dodoma, ambako watu wamezoea kuishi na kiangazi kirefu, alitushangaa tulivyokuwa tunalalamika. Kwao majani ya kunde huchumwa yangali machanga, huchemshwa dakika chache kwenye maji yenye chumvi, kisha huanikwa kivulini, kwa sababu jua kali huua vitamini A. Tulifanya hivyo Februari iliyopita kwa muda wa wiki 2, kila kaya na ungo wake. Aprili, siku ambayo mvua haikukatika tangu asubuhi, muuza genge aliweka mezani makopo ya majani makavu ya kunde pamoja na majani ya maboga ya bustani za nyumbani na majani ya mlonge kutoka kwenye ua wa mmoja wetu. Saa 1 usiku makopo 9 yalikuwa yamekwisha, na mwaka huu tunaanika mara mbili ya yale.