Karatasi iliyolala kwenye Zaburi

*Tantine, nina miaka 34, naishi Katuba, hapa Lubumbashi, ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mtoto wetu ana miaka miwili na miezi minne na bado hajaandikwa komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Kila wiki nasema nitaenda, kazi inanibana. Kule foleni ni ndefu, na ukifika mbele wanakuuliza maswali mengi. Mke wangu hana subira. Siku niliyotoka kutazama mpira wa Mazembe alinipigia kelele mbele ya wapangaji, kisha akachukua mtoto akaenda kwa mama yake, mtaa wa Ruashi. Mama mkwe anamtia maneno. Nifanye nini arudi na aniheshimu?*
*Baba mwenye uchungu*

Pole, baba. Nyumba iliyozoea kilio cha mtoto ikinyamaza jioni, hata bukari, ugali wetu, haishuki. Pole yangu imeishia hapo.

Barua yako nimeifupisha, ilikuwa kurasa tatu. Mama mkwe amepata ukurasa mzima. Mtoto amepata mistari miwili, na jina lake hukuliandika. Ila kuna mahali umejisema mwenyewe bila kujua: karatasi ya maternite, ile ya hospitali mtoto alikozaliwa, unasema, "imetunzwa vizuri ndani ya Biblia, kwenye Zaburi". Kumbe kila Jumapili unaiona! Imekunjwa mara nne, inakuangukia magotini, unairudisha, unaendelea kusoma.

Foleni? Mtu anayewahi uwanja wa Kamalondo saa mbili kabla ya mpira kuanza, akasimama juani, haogopi foleni. Unaogopa yale maswali. Ofisa atauliza: huyu mama mmeoana? Na wewe katika kurasa tatu umeandika "mke wangu" mara kumi na moja, neno mahari hata mara moja. Haijaisha, sivyo? Labda mbuzi amebaki, labda kitenge cha mama mkwe. Ndiyo maana Ruashi imekuwa mbali kuliko mji wa Kolwezi.

Sasa sikia, maana woga wako umejengwa juu ya kitu ambacho hakipo. Mtoto huandikwa hata kama wazazi hawajafunga ndoa. Na hiyo ndoa yenyewe, Kanuni ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, haikungojei umalize mahari yote. Inataka iwe imetolewa, angalau sehemu. Sehemu! Ungeuliza mapema ungelala usingizi. Sheria hiyohiyo ilikupa siku 90 tangu mtoto azaliwe, kazi ya asubuhi moja na karatasi yako ya Zaburi. Leo itabidi upitie tribinali, yaani mahakama, kwanza, upate hukumu, ndipo urudi komini. Hukuziba ufa, jenga ukuta. Na usiseme ni mkeo aliyeubomoa.

Huyo unayemwita hana subira amengoja miezi 28. Mimi ningeondoka wa nne. Kupiga kelele mbele ya wapangaji ni vibaya, nakubali, lakini chumbani alishasema mara ngapi? Na mama mkwe hamtii mtu maneno. Anauliza tu mjukuu wake ataingia shule kwa jina la nani.

Ndoa za siku hizi zinanichosha, niwaambie ukweli. Gari jeupe la kukodi, kamera mbili, bia mpaka asubuhi, halafu muulize bwana harusi akti ya ndoa, cheti chenyewe, iko wapi, anaanza kukohoa. Babu zetu wa makambi ya Union Minière, ile kampuni ya migodi ya enzi za ukoloni, hawakuwa na kamera, lakini walijua kwamba posho ya mke na watoto inafuata majina yaliyoandikwa. Nyinyi mna picha mia nne kwenye simu.

Jumamosi hii chukua baba yako mdogo, au mkubwa yeyote wa ukoo anayejua kuongea, mwende Ruashi. Usiende peke yako, utaanza kujitetea. Pelekeni kilichopo, hata kama ni nusu ya kilichobaki, na mseme kinachosalia kitafika mwezi gani. Habari ya heshima usiitaje kabisa siku hiyo. Jumatatu funga karakana, uende tribinali na mama wa mtoto, kama atakubali kufuatana nawe. Akikataa, nenda hivyo hivyo.

Na ile karatasi iingize kwenye plastiki kabla ya kutoka nyumbani. Mvua zimeanza, na mikunjo yake najua imeshachakaa.