Msimulie mwanao kisa, maana mwachie mwenyewe

Bibi hakuwa na desturi ya kutuuliza, "Mmejifunza nini?" Alituita kwa paukwa, tukaitika pakawa, akasimulia mpaka mwisho, akazima koroboi. Tukabaki na kisa chetu gizani. Mimi nilipopata watoto nikafanya kinyume: kila hadithi niliifunga kwa mahubiri. Nimeacha, na ningependa wazazi wenzangu nao waache.

Kisa kilichonifumbua macho ni cha Sultani Darai. Mmisionari Mwingereza Edward Steere alikiandika Unguja, kikachapishwa London mwaka 1870, lakini mimi nilikipata mdomoni mwa bibi. Masikini anachakura jaani kama kuku, anaokota punje za mtama ale. Siku moja anaokota thumuni, anainunulia paa, watu wanamcheka. Paa huyo ndiye anayepeleka almasi kwa sultani mmoja na kumposea bwana wake, ambaye anamwita Sultani Darai, binti wa sultani huyo. Ndiye anayemuua nyoka wa vichwa saba ili bwana apate jumba la kukaa. Kisha paa anaugua. Bwana, ambaye sasa anavaa hariri, anasema paa apikiwe uji wa mtama. Mkewe anamsihi, wapi! Paa anakufa, anatupwa kisimani. Na bwana anazinduka yuko jaani, anachakura.

Utotoni nilichokipenda ni nyoka tu.

Miaka mingi baadaye mama mdogo, aliyenilipia ada tangu kidato cha kwanza, alilazwa. Mimi nilikuwa na kazi nyingi, nikamtumia pesa kwa simu. Wiki ya pili nikatuma tena, pungufu ya zile za mwanzo. Usiku ule nimeketi mezani, mbele yangu wali na samaki, neno likanijia lenyewe: uji wa mtama. Tonge halikupita. Alfajiri nilikuwa kituo cha basi, na nilimkuta angali anaweza kunishika mkono.

Bibi angeniambia tu "usisahau fadhila", ningeitikia "ndiyo, bibi", na asubuhi yake nisingekuwa nalo. Alinipa paa badala ya agizo, na yule paa akanisubiri miaka yote ile.

Kwa hiyo usikimbilie kufafanua. Wala usiutie sukari mwisho mchungu. Niliwahi kumponya paa kwa kumhurumia binti yangu. Alisinzia, na kesho yake hakukitaja kisa. Safari nyingine nilikisimulia kama kilivyo, mpaka kisimani, mpaka jaani. Alikaa kimya muda mrefu, shuka kalivuta hadi kidevuni.

"Baba, yule mama aliyemhurumia paa, mbona hakwenda mwenyewe kumuuguza?"

Nilishafungua kinywa nimjibu. Nikakifumba, nikazima taa.